Wakili na Katoni ya Nyama

Kichwa cha Wakili kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu. Kulia mistari ilinyooka vizuri mpaka shingoni. Kushoto nywele zilisimama zinavyotaka zenyewe. Haukuwa mtindo mpya. Jana yake jioni Mama alifika katikati ya kichwa akasinzia, kitana kikiwa bado mkononi, na Wakili hakuwa na moyo wa kumwamsha. Alimfunika shuka, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kuosha vyombo.

Mambo yalikuwa hivyo karibu kila siku. Mama alifua mashuka katika hoteli kubwa upande wa pili wa mji. Alitoka alfajiri watoto wakiwa bado wanakoroma, akarudi giza likianza kuingia, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wa kuonekana leo na kutoweka kesho. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa Wakili, msichana wa miaka kumi na miwili, pamoja na mdogo wake aliyeitwa Kiroboto, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuruka huku na huku.

Wakili nalo halikuwa jina lake la shuleni. Alilipata nyumbani kwa sababu ya mdomo. Ukimwambia afagie uwanja, atakueleza kwa ushahidi kamili kwa nini leo ni zamu ya Kiroboto. Na sokoni, weee! Huko ndiko alikokuwa moto wa kuotea mbali. Kupatana bei alijifunza kwa Mama, tangu akibebwa mgongoni, na sasa wauza nyanya wakimwona kwa mbali walianza kufunika mafungu yao. "Huyo anakuja," waliambiana. "Leo faida tuisahau."

Ijumaa moja ya likizo ya shule Mama alirudi akitabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Wanangu, kaeni chini," alisema kabla hata hajavua viatu. "Mnaijua karakana ya maseremala pale nyuma ya kituo cha mafuta? Fundi Penseli amekubali niwapikie chakula cha mchana. Jumatatu ni majaribio, na hotelini nimeshaomba ruhusa ya siku hiyo. Wakikipenda, kazi ni yangu kila siku."

"Na hotelini?" aliuliza Wakili.

"Hotelini nitaaga. Nitapika hapa nyumbani, nitapeleka saa sita, saa nane nimesharudi."

Wakili alishangilia moyoni. Mama nyumbani! Mama wa kuulizwa maswali ya hesabu, wa kucheka naye jioni, wa kumaliza kusuka kichwa kizima. Alimkumbatia kwa nguvu mpaka Mama akalalamika kwamba mbavu zake bado anazihitaji.

Siku ya Jumapili Mama alikuwa na zamu hotelini. Alimwachia Wakili pesa ya nyama, akaikunja vizuri ndani ya leso na kumfungia fundo.

"Nenda kwa Mzee Upara. Mwambie kilo sita za steki, isiyo na mfupa. Nimeshamwambia aitenge. Maseremala ni thelathini, na nimemwahidi Fundi Penseli vipande vitatu kila sahani, vya ukubwa wa kiberiti. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, Mama. Niachie mimi."

Mzee Upara alikuwa muuza nyama wao wa siku zote, mzee mpole mwenye kichwa kinachong'aa kuliko kioo cha kabati lake la nyama. Basi Wakili aliondoka kwenda huko, na angefika salama salimini kama si sauti iliyomnasa njiani.

"Katoni! Katoni! Katoni! Nyama kilo kumi kwa bei ya kilo saba! Leo tu, kesho usinilaumu!"

Ilikuwa nje ya duka jipya la vyakula vya kugandishwa. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti alisimama juu ya kreti, na pembeni yake katoni zilipangwa moja juu ya nyingine, zinatoa moshi wa baridi. Kila katoni ilikuwa na picha ya pande la nyama nyekundu, nene, hadi ukitazama mate yanakujaa.

Wakili alisimama. Alifikiri haraka haraka. Kilo kumi! Vipande vitatu kila sahani vitakuwa vitano. Maseremala watalamba vidole. Fundi Penseli atasema kazi umepata leo leo. Na yeye ndiye atakayekuwa ameleta ushindi huo.

"Kaka, hiyo bei ni ya nani?" aliuliza.

"Ya watu wote, mdogo wangu."

"Mimi sikuja na watu wote. Nimekuja peke yangu."

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akashuka kwenye kreti. Hapo kesi ikaanza. Wakili alisema katoni imelowa pembeni. Alisema duka ni jipya na halina wateja wa kudumu, na yeye akienda kusimulia mtaani atamletea ukoo mzima. Aligeuka kuondoka mara mbili, akaitwa mara mbili. Mwishowe kijana aliinua mikono juu.

"Haya, bei ya kilo sita! Chukua uende kabla bosi hajatoka. Dada yetu huyu atanifilisi!"

Wakili alifungua leso akatoa pesa yote. Kichwa kilimvimba kwa sifa. Alibishania bei, alibishania katoni kulowa, alibishania hata mfuko wa kubebea. Jambo moja tu hakuliuliza: ndani mna nini. Chini ya ile picha nene palikuwa na maandishi madogo, yamefunikwa na barafu, na hakuyapangusa.

Alijitwika mzigo wake akashika njia. Alipopita penye bucha, Mzee Upara alimwita. "Mjukuu wangu! Steki ya mama yako hii hapa, nimeshaifunga."

"Leo hapana, babu. Samahani," alijibu Wakili bila kusimama.

Mzee alibaki ameshika kifurushi mkononi. Wakili aliona haya kidogo, lakini ushindi ulimsukuma kwa nyuma, akaongeza mwendo.

Nyumbani hawakuwa na friji. Jirani yao wa mlango wa pili, ambaye pia alikuwa shangazi yao, alikuwa na friji ndogo aliyogandishia barafu za kuuza. Walijaribu kuiingiza katoni kwa ubavu, wakajaribu kwa kichwa. Wapi! Haikuingia.

"Mheshimiwa," alisema Shangazi, ambaye hakukosa utani hata akiwa na homa, "umeninunulia nyama au umeninunulia kabati?"

Hapakuwa na la kufanya ila kuifungua. Wakili aliweka beseni kubwa jikoni, mahali penye ubaridi, akapasua katoni. Ndani mlikuwa na jabali moja jeupe. Halikufanana na ile picha hata kidogo. Lilianza kuyeyuka taratibu, na kadiri lilivyoyeyuka ndivyo moyo wa Wakili ulivyozidi kuzama. Maji mekundu yalijaa beseni, akayamwaga, yakajaa tena. Kisha vikaanza kuonekana: mifupa ya magoti, mifupa ya mbavu, mabonge ya mafuta ya manjano, utando mgumu unaonyumbuka kama raba. Nyama yenyewe ilijificha katikati, nyembamba, imeshikana na mfupa utafikiri inaogopa kuachwa.

"Dada," aliuliza Kiroboto, "ng'ombe huyu alikuwa mgonjwa?"

"Nyamaza!" alisema Wakili.

Aliokota kipande cha katoni, akapangusa ile barafu iliyobaki. Maandishi madogo sasa yalisomeka vizuri kabisa: Nyama mchanganyiko. Mifupa, mafuta na barafu vimo katika uzito. Hakuna aliyemdanganya. Kila kitu kiliandikwa, ila yeye hakusoma.

Shangazi alileta mizani yake ya kupimia maharage. Utani aliuacha mlangoni. Wakachambua pamoja: mifupa huku, mafuta huku, nyama huku. Walipoipima nyama peke yake, mshale ulisimama kwenye tatu.

"Kilo tatu," alisema Shangazi kwa upole. "Pole, mwanangu."

Wakili hakuhitaji kalamu wala karatasi. Kwa pesa ileile Mzee Upara angempa kilo sita za nyama tupu, na mfupa wa supu angemwongezea bure, kama kawaida yake. Katoni ya kilo kumi ilikuwa imekula nusu ya chakula cha maseremala. Alikaa chini kando ya beseni akalia. Hakulilia pesa. Aliiona asubuhi ya Jumanne, na Jumatano, na zote zinazofuata, Mama akifunga mlango polepole kwenda kufua mashuka ya watu, na yote kwa sababu yake.

Hivyo ndivyo Mama alivyomkuta.

Mama alitazama beseni. Alitazama mifupa, akatazama picha kwenye katoni, akamtazama binti yake. Alivua viatu, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, nimekuharibia," alisema. "Nilipunguza bei mpaka mwisho. Nilidhani nimeshinda."

"Njoo hapa," alisema Mama. Akamvuta karibu, akampangusa uso kwa upande wa kanga. "Kosa ni lako, silifichi. Nilikutuma kwa Mzee Upara, wewe ukaenda kwingine bila kuniuliza. Lakini na mimi nina fungu langu. Nimekufundisha kupunguza bei tangu hujaota meno. Kuuliza unanunua nini, hilo nikalisahau."

"Sasa tufanyeje?"

"Kwanza tupike. Nyama ikishayeyuka haigandishwi tena, na sisi hatutamlisha mtu kitu kitakachomwumiza tumbo. Yote inachemshwa leo hii. Kiroboto, lete kuni!"

Wakaingia jikoni wote. Mama alikata nyama, Wakili akaosha mifupa, Shangazi akaleta sufuria yake kubwa pamoja na maharage. "Utanilipa ukishakuwa tajiri, wifi," alimwambia Mama. Harufu ya supu ilipoanza kupanda, nyumba ilichangamka kidogo. Mama alihesabu vipande vya ukubwa wa kiberiti: kimoja kwa kila sahani, na vya ziada visivyotosha kuzunguka mara ya pili.

Wakili alipata wazo. "Mama, tukate kila kipande mara tatu. Vitakuwa vitatu kila sahani, kama ulivyoahidi."

"Niliahidi ukubwa wa kiberiti, mwanangu. Sikuahidi ukubwa wa njiti."

Hata Shangazi alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. Nyama iliyoiva wakaitia kwenye bakuli yenye mfuniko, na ilipopoa wakaipeleka kwenye ile friji ndogo. Safari hii iliingia bila taabu, nafasi ikabaki.

"Kuna mtu lazima amwambie Fundi Penseli kabla ya saa ya chakula," alisema Mama walipokuwa wanaosha mikono. "Asubuhi tutakwenda wote. Ila atakayesema ni wewe. Wewe si ndiye wakili?"

Kesho yake Wakili alifika karakanani akiwa amefunga kitambaa chake kichwani. Randa zilikuwa zinaimba, vumbi la mbao limejaa hewani, na maseremala walipomwona Mama walipiga mayowe ya furaha. "Mpishi wetu kaja!" Fundi Penseli alitoka nyuma ya kabati alilokuwa anatengeneza, mtu mrefu, penseli imekaa sikioni mwake mahali pake pa siku zote.

"Shikamoo, fundi," alisema Wakili.

"Marahaba, mwanangu. Keti." Alimwonyesha benchi.

Wakili alikaa, mara akajikuta anateleza kwenda pembeni. Benchi lilikuwa limepinda katikati na mguu mmoja ulikuwa juu juu. Alijishikilia kwa mikono miwili. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani kote, ya kumlaumu muuzaji, ya kuilaumu katoni na maandishi yake madogo. Yote yakapotea.

"Fundi, Mama alikuahidi vipande vitatu vya nyama. Leo ni kimoja. Alinituma nikanunue steki, mimi nikanunua katoni ya bei rahisi bila kumwuliza na bila kutazama ndani. Ilikuwa mifupa na barafu. Kosa si la Mama, ni langu. Kuna supu nyingi, na maharage, na wali. Lakini nyama ni kipande kimoja. Nimekuja kukwambia kabla hujaiona."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Lo! Kimoja?" Wakili aliinamisha kichwa. Mama alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

Fundi Penseli alichukua penseli sikioni, akajikuna nayo kidevu.

"Hilo benchi ulilokalia unalionaje?" aliuliza.

Wakili alimtazama Mama. "Niseme kweli?"

"Umeshaanza kusema kweli, usiishie njiani."

"Ni baya, fundi. Limepinda."

Maseremala walicheka vibaya sana. Fundi Penseli akacheka zaidi yao.

"Nilipofungua karakana hii, alikuja mtu na lori la mbao. Bei ya kutupa! Nilizihesabu mbao zote, moja baada ya nyingine, nikabishania bei mpaka jasho likanitoka. Sikugusa hata ubao mmoja. Zilikuwa mbichi, mwanangu, zimejaa maji. Zilipokauka kila moja ikajipinda inavyotaka. Katika lori zima nilipata benchi hilo, na lenyewe unaliona. Hawa wananiambia nilichome. Nimekataa. Kila nikienda kununua mbao nalikalia kwanza."

Mama alicheka, na Wakili, machozi yakiwa karibu, akajikuta anacheka pia.

"Leteni hiyo supu saa sita," alisema Fundi Penseli. "Tutaihukumu kwa ulimi."

Na waliihukumu. Supu ya mifupa ile, iliyochemka jioni nzima na asubuhi nzima, ilikuwa nzito na tamu, na ndani yake maharage ya Shangazi yalikuwa laini. Maseremala walikunywa, wakapangusa sahani kwa vidole, wakauliza kama imebaki. Hakikubaki kitu. Wawili walinung'unika kuhusu nyama, na walikuwa na haki yao. Fundi Penseli alirudisha sahani yake mwenyewe mpaka kwa Mama.

"Kazi ni yako, mama. Kesho nataka vipande vyangu vitatu. Lakini mtu anayenitumia mtoto kuniambia nyama imepungua kabla sijaona sahani, huyo sitakuwa na wasiwasi na sufuria yake."

Wakili alirukaruka kuliko Kiroboto. Alimrukia Mama pale pale mbele ya watu, na Mama, ambaye hakuwa mtu wa kulia hadharani, alijikaza kisabuni, akashindwa.

Njiani kurudi walipitia kwa Mzee Upara. Wakili alimwomba radhi kwa kupita jana bila kusimama. "Babu yako hanuni," alisema mzee, akamkatia steki ya kesho, na mfupa wa supu akamwongezea bure.

Siku chache baadaye, Mama akiwa ndiyo kwanza ameaga hotelini, walipita tena nje ya lile duka. Kijana wa kipaza sauti alimtambua Wakili. "Mfilisi wangu! Njoo, leo nina katoni za steki!"

"Fungua kwanza," alisema Wakili.

"Eti?"

"Fungua, kaka. Mnunuzi haoni kupitia karatasi."

Kijana alifungua. Wakili alipangusa barafu akasoma maandishi mpaka nukta ya mwisho. Steki tupu ya kilo sita, barafu kidogo, na tarehe ilikuwa bado mbali. Aliuliza Mzee Upara anauza bei gani siku hiyo na Mama akamwambia. Akafikiri. "Leo tunapikia watu thelathini, yote itaisha mchana. Hii inafaa, Mama." Ndipo akaanza kupatana bei, na kijana akashika kichwa.

"Basi chukueni mbili, ya pili nawapunguzia zaidi!"

Mama alimwachia binti yake aamue.

"Ya pili hapana," alisema Wakili. "Friji hatuna. Hata ungenipa kwa nusu bei, ningekuja kuitupa."

Jioni ile jua lilikuwa bado halijazama. Mama alikaa kwenye kigoda, Wakili chini katikati ya magoti yake, na kitana kilitembea upande wa kushoto, ule uliokuwa unangoja siku zote hizo.

"Bei ndogo si adui, mwanangu," alisema Mama. "Mimi mwenyewe naipenda kuliko wewe. Ila iache ije mwisho. Anza kwa kujua ni kitu gani, na kitabaki kiasi gani ukishatoa kisichofaa, na kama utakitumia kabla hakijaharibika. Ukishajua hayo, bishana mpaka wachoke. Na siku utakayokosea, maana utakosea tena, njoo useme mapema kama ulivyosema kwa Fundi Penseli. Kazi yetu iliponea hapo."

"Lakini Mama, kwa upande mwingine, mtu anaweza kusema kwamba..."

"Mheshimiwa Wakili," alisema Mama, akifunga msuko wa mwisho, "kesi imekwisha. Geuza kichwa nikuone."

Wakili aligeuza kichwa. Kilikuwa kimesukwa chote.